Kifungo Kilikwisha Mwezi wa Nane

Kwaresima ya mwaka 2018 jumuiya yetu ilichanga sabuni, miswaki, sukari na kandambili, tukaenda kuwaona wafungwa katika gereza moja la huku kwetu mkoani Dodoma. Nilizoea kuwakuta Wagogo, Warangi, Wasukuma, watu wanaojua siku ya kutembelewa nani atakuja. Mara hii tulitolewa pia kundi la Wahabeshi, vijana watupu, wameketishwa chini safu safu, vichwa vimenyolewa, wengi wao miguu mitupu.

Sisi tunaoishi kando ya barabara ya Babati, Kondoa na Dodoma tunawafahamu. Hutoka kusini mwa Ethiopia, sehemu za Hosanna, wakavuka Moyale na kuipita Kenya, kisha hufichwa ndani ya malori kushuka Iringa na Mbeya kuelekea Malawi, wakiitafuta Afrika Kusini. Juni 2012, Chitego wilayani Kongwa, zaidi ya 40 kati yao walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori. Wanaokamatwa wakiwa hai husomewa shtaka la kuingia nchini bila kibali. Faini hawana, kwa hiyo wanafungwa. Hiyo ni sheria, na kila nchi ina sheria zake.

Kijana mmoja aliponipokea sabuni alisema, "Shikamoo mama." Kiswahili alikuwa amejifunzia humo humo. Nikaitikia, nikamuuliza amebakiza muda gani. Alimtazama kwanza askari aliyesimama karibu, ndipo akajibu: "Mimi nimemaliza, mama. Mwezi wa nane."

Tulikuwa mwezi wa tatu. Nilidhani hajanielewa, nikamgeukia askari.

"Ni kweli, mama," akasema. "Amemaliza. Lakini nikimfungulia, aende wapi? Nauli ya kumrudisha kwao haijapatikana. Akitoka hapo nje, anakamatwa tena."

Askari yule hakuwa mtu mbaya. Alinisemea jambo lile kama analomsemea kila mtu, na hilo ndilo lililonikata maini. Kijana alinieleza kwamba mahakamani hakukuwa na mtu wa kumtafsiria. Miezi ya kifungo chake alionyeshwa kwa vidole. Alipokamatwa alikuwa na miaka 16, lakini kwenye karatasi waliandika 20, akawekwa na watu wazima. Usiku wanalala mzungu wa nne, na upele umewamaliza. Mfungwa mwenyeji, hata mwenye kesi nzito, ana mke au shangazi wa kumletea sabuni na kumfuatilia mambo yake. Huyu hakuna hata mtu mmoja wa kwao aliyejua kwamba yuko hai.

Aliomba kitu kimoja tu, mama yake apigiwe simu. Askari akaruhusu namba iandikwe.

Nina wifi yangu Nairobi, anakaa Eastleigh, na jirani yake ni mwanamke wa Hosanna. Jioni ile nilimtumia namba pamoja na pesa ya vocha. Usiku akanipigia, jirani yule yuko pembeni yake analia. Mama wa kijana alikuwa ameshamaliza matanga. Walisikia kuna lori lililoua watu, wakahesabu naye yumo. Alipoambiwa mwanawe yu hai na kifungo kimekwisha, aliuliza: kama kimekwisha, nani amemshika? Wifi alitaka nimpe jibu la kupeleka. Nikamwambia amwambie ni nauli. Mama akauliza ni kiasi gani, halafu akasema shamba walikwisha kuliuza kumlipa dalali wa safari.

Nimemkumbuka mama huyu sana tangu mwaka 2025. Marekani ilipowapeleka Wavenezuela 252 kwenye gereza la CECOT nchini El Salvador, walikaa miezi minne bila kupiga simu nyumbani, na wapo akina mama waliowatambua wanao kwenye video, wamenyolewa, wameinamishwa. Walipoachiwa Julai wakaeleza jinsi walivyokuwa wakipigwa. Mwezi huo huo wanaume watano, wa Vietnam, Laos, Yemen, Cuba na Jamaica, walishushwa Eswatini na kufungiwa gereza la Matsapha, ilhali vifungo vyao walikwisha kuvitumikia Marekani. Watu hubishana kama walikuwa wahalifu. Mimi nauliza swali la mama wa Hosanna.

Baada ya Pasaka nilirudi gerezani na salamu zake: mama yu mzima, dada ameolewa, bibi amefariki. Kijana aliniomba nirudie, nikarudia. Waliokuwa nyuma yake wakaanza kunyanyuka, kila mmoja anataja tarakimu, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa lugha yao, mpaka askari akawaamuru wakae, kisha akachana mwenyewe karatasi ya daftari akanipa. Ilijaa pande zote mbili. Nauli ya yule kijana ilipatikana mwaka uliofuata. Januari 2021, Rais wa Ethiopia alipokuja Chato, Rais Magufuli alitangaza kuwaachia Waethiopia 1,789 waliokuwa katika magereza yetu. Baadhi ya namba za kwenye karatasi ile wifi yangu alikuwa bado anazipigia.