Asubuhi Rhythm & Hues Ilipozimiwa Maikrofoni

Katika fani yetu ya katuni na madoido ya kompyuta, manyoya ndiyo mtihani. Gari au roboti unaweza kuvitengeneza kwa kompyuta na mtazamaji asigundue. Lakini mnyama anayelowa maji, akajikung'uta, akakauka, huyo kosa lake dogo tu linaonekana hata na mtoto. Ndiyo maana sisi vijana wa katuni Nairobi tuliitaja Rhythm & Hues kwa heshima. Studio hiyo ilianzishwa Los Angeles mwaka 1987 na sifa yake ilijengwa na wanyama: dubu weupe wa tangazo la Coca-Cola la 1993, kisha nguruwe wa filamu ya Babe, aliyeiletea Oscar yake ya kwanza ya madoido ya picha. Nguruwe yule nilimwona utotoni kwenye kanda ya video ya kuazima, nikamsumbua mjomba wiki nzima aniambie walimfundishaje kusema.

Februari 2013 nilikuwa kwenye studio ndogo karibu na Barabara ya Ngong. Wengi wetu tuliivia kwenye Tinga Tinga Tales, mfululizo uliotengenezwa hapa hapa Nairobi na kuanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010. Kazi ile ilipokwisha tulitawanyika. Sasa tulikuwa na tangazo la mbuzi anayecheza ngoma, na kampuni ya matangazo iliyotupa kazi ililitaka kabla ya tarehe 4 Machi, siku ya uchaguzi. Kila mtu alikumbuka yaliyofuata uchaguzi wa 2007. Hakuna aliyetaka kubaki na kiporo. Tukawa tunalala studio.

Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 25, kompyuta zote zilikuwa zinarenda fremu za mbuzi, yaani kukokotoa picha za mwisho moja baada ya nyingine, isipokuwa moja, tuliyoitengea tuzo za Oscar. Kule Hollywood ilikuwa Jumapili jioni, kwetu saa kumi na nusu alfajiri. Tulikuwa tunamsubiri simbamarara wa Life of Pi, filamu ya kijana aliyekwama baharini na mnyama huyo, kazi ya Rhythm & Hues. Simbamarara halisi walitumika, lakini sehemu kubwa ya unayemwona kwenye mashua ni kazi ya kompyuta: mifupa kwanza, juu yake misuli, juu ya misuli ngozi inayoteleza, ndipo manyoya. Bahari yenyewe lilikuwa bwawa lililojengwa kwenye uwanja wa ndege wa zamani mjini Taichung, Taiwan. Dada mmoja wa kwetu, fundi wa kupaka rangi, alikuwa ameitazama filamu ile akiangalia mgongo wa mnyama tu, jinsi ngozi inavyolegea pale mabegani anapopumua.

Tulijua pia habari mbaya. Chini ya wiki mbili kabla ya usiku ule, Rhythm & Hues ilikuwa imeomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na zaidi ya watu 200 walikuwa wameachishwa kazi. Studio imefilisika, na filamu waliyoifanyia kazi inaelekea kuingiza zaidi ya dola milioni 600 duniani. Nilizisoma habari hizo mbili na sikuweza kuziweka pamoja kichwani.

Jina la Life of Pi likatajwa, tuzo ya madoido. Tukapiga kelele mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Bill Westenhofer, msimamizi wa madoido ya filamu ile, akapanda jukwaani na wenzake watatu, akashukuru watu wake, na alipofika kwenye shida ya fedha iliyoikumba Rhythm & Hues, muziki wa Jaws, ile filamu ya papa, ukapandishwa, maikrofoni ikazimwa. Mwanzoni tulidhani ni intaneti yetu imekwama tena. Nje ya ukumbi, mamia ya mafundi wa madoido walikuwa wameandamana barabarani Hollywood, na kufikia mchana mitandao ilikuwa imejaa watu waliobadilisha picha zao zikawa kijani kitupu, kama skrini inayosubiri kujazwa na fundi.

"Mmeona?" akasema Madam, mwenye studio yetu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai bila sisi kujua. "Bei inakatwa siku ya kwanza. Mwongozaji akibadili mawazo mara kumi, bei ni ile ile. Filamu ikicheleweshwa, mishahara ya wanaosubiri ni yako. Ni kama fundi cherehani aliyekubaliana bei ya shati, halafu mteja anarudi kila Ijumaa kubadilisha mikono."

Wengi walilaumu nafuu za kodi za Kanada na Uingereza, na ni kweli zilivuta kazi nyingi kutoka California. Rhythm & Hues yenyewe ilikuwa imefungua matawi Mumbai, Hyderabad, Kuala Lumpur, Vancouver na Kaohsiung kufuata nafuu hiyo na gharama za chini. Hayakuiokoa. Mimi nashikilia alichosema Madam: donda lilikuwa kwenye mkataba.

Saa mbili asubuhi simu ikalia. Kijana wa kampuni ya matangazo. Mteja wao ameonelea pembe za mbuzi ziwe ndefu kidogo. Madam akaweka spika tusikie sote.

"Ni kitu kidogo tu, Madam."

"Kwako kidogo. Pembe zikirefuka, kivuli kinabadilika, kila fremu inarendwa upya. Hiyo ni usiku mwingine wa vijana wangu, na usiku huo una bei. Nakutumia sasa hivi."

"Lakini tulishakubaliana bei."

"Tulikubaliana bei ya mbuzi uliyemkubali kwa sahihi yako Alhamisi."

Tukaacha hata kutafuna mandazi. Kijana akasema atauliza wakubwa wake. Saa tano barua pepe ikaingia: pembe zibaki zilivyo. Jioni ile wagombea urais walikuwa na mdahalo wa pili, Nairobi nzima ikaketi mbele ya runinga. Mimi nilikwenda kulala.

Mwezi uliofuata Rhythm & Hues iliuzwa mnadani kwa kampuni yenye uhusiano na Prana Studios, yenye wachoraji wake Mumbai. Nami tangu nianze kazi zangu mwenyewe naandika kifungu cha Madam katika kila mkataba: marekebisho mara mbili, ya tatu hulipiwa. Wapo wateja wanaokifuta kwa kalamu na kunirudishia karatasi. Kazi ya hao siichukui.