Mkaote moto

Leo jioni jumuiya yetu ilisali kwa bibi mmoja jirani. Somo lilikuwa Yakobo 2.

Tukabishana kwelikweli. Mmoja kashika Waefeso 2:8, tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani. Mwingine kashika Yakobo, imani isiyo na matendo imekufa. Mimi nikawakumbusha Augsburg, Ujerumani, 31 Oktoba 1999, Walutheri na Wakatoliki walipotia saini tamko kwamba Mungu hutupokea kwa neema tu, na Roho hutuwezesha kutenda mema.

Kisha binti mmoja akasoma mstari wa 16: "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba."

Macho yangu yakaenda jikoni.

Mafiga matatu. Majivu yamepoa. Paka amejikunja katikati, usingizi mzito.

Na bibi wa watu anaitikia "Amina" kila tukimaliza sala!

Mzee wetu wa kanisa akafunga Biblia taratibu, akatoka. Aliporudi alikuwa na mzigo wa kuni begani, unga na maharage mkononi. Hakusema neno. Bibi akamwinua paka, akamweka pembeni.

Moshi ulipoanza kupanda nilishindwa kuimba.

Naamini hadi sasa kwamba wokovu haununuliwi. Lakini nimefika nyumbani nikasoma Waefeso 2:10, tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Leo sote tuliishia mstari wa 9.

Ndugu zangu, kwenye jumuiya zenu, mkifika kwa mtu huwa mnaangalia jiko kwanza? Niambieni mnafanyaje.