Mabano yenye majina

"Mjomba, mbona mabano yako yana majina kama makaburi?"

Mpwa wangu alisema hivyo simu mkononi, anakunywa kahawa yangu, anapitia msimbo wa ile programu ya tiketi za boti. Harusi ya dada yake imekwisha salama, wageni wa Pate wamesharudi kwao, na mimi bado neno la makaburi halijanitoka.

Jibu lilinijia usiku, wakati halina faida tena. Ningemwambia komenti zile, maelezo ya kando yanayotaja kila bano linafunga nini, nimezirithi. Aliyenitangulia kaziandika kwa mkono, bano baada ya bano: `} // mwisho wa if abiria`. Sharti la juu limeshakuwa watoto, chini bado yasema abiria. Kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu, haisomi komenti, kwa hivyo hailalamiki. Lugha ya Ada ni kali zaidi: funga na `end` kisha utaje jina lisilo lake, inakukatalia papo hapo.

Kama makaburi! Kaburi lina afadhali, mwenyewe habadilishwi.

Halafu kwa lugha ya Dart kazi hii haihitaji mkono. Kihariri cha VS Code kikiwa na kiendelezi cha Dart, mpangilio wa `dart.closingLabels` huja umewashwa. Wijeti, yaani kipande cha kujengea skrini, ikivuka mstari mmoja, baada ya `)` yake hutokea maandishi hafifu: `// Padding`, `// Column`. Hayamo ndani ya faili. Kihariri huyachora baada ya seva ya uchambuzi kusoma msimbo. Geuza Column iwe Row, na lebo inageuka. Ukinakili hayafuati, Git inayotunza historia ya msimbo haiyajui, na anayesomea kwenye simu, kama bwana huyu, hayaoni ng'o. Ukisahau kufunga bano moja, lebo zaweza kupotea au kukaa pasipo pake mpaka urekebishe.

Kwa lugha ya Rust, kisaidizi chake rust-analyzer hulipatia jina bano la `}` pale tu kifungu kinapofika mistari 25, na namba hiyo inabadilishwa kwenye `closingBraceHints.minLines`. Busara hiyo naipenda. Kifungu cha mistari minne chaonekana chote, jina la nini? Watu wa lugha ya C++ wenye kisaidizi cha clangd wafungue faili la `.clangd` na chini ya `InlayHints` waandike `BlockEnd: Yes`, maana huja imezimwa.

Ukizitaka komenti ndani ya faili hasa, clang-format, programu ya kupanga msimbo, ina `FixNamespaceComments`: huongeza iliyokosekana na kusahihisha iliyokosewa. Ni kwa namespace (kifungu cha kukusanya majina) peke yake, if na for haizigusi. Kwenye HTML kuna Emmet, chombo cha vifupisho: andika `div.kadi|c`, bonyeza Tab, na `<!-- /.kadi -->` inakaa baada ya `</div>`. Hiyo ni ya mara moja tu. Klasi ikibadilishwa jina kesho, komenti hubaki na la jana.

Jana baada ya Alasiri nikazifuta komenti zile za mkono zote: kutafuta kwa regex (kiolezo cha kutafutia maandishi) `\} *// mwisho.*`, kuweka `}`, kisha komiti (rekodi ya mabadiliko kwenye Git) ya peke yake, isichanganywe na kazi nyingine, ili anayekagua asitafute sindano. Lebo za Dart haziwekwi kwenye if, kwa hivyo nikahakikisha `editor.stickyScroll.enabled` ya VS Code imewashwa na kubadilisha `editor.stickyScroll.defaultModel` kuwa `indentationModel`. Sasa mstari wa if unaganda juu ya skrini hata nikishuka mbali. Skrini imepumua, na mimi nikajikuta nacheka peke yangu. Makaburi! Kijana ana ulimi. Hata sina haja ya kumjibu tena.

Kinachoninyima raha sasa ni kisima. Tangu wiki jana maji yameanza chumvi, fundi wa pampu anasema tupunguze kuvuta mpaka mvua zinyeshe, na mama hataki kusikia, ana nguo za harusi nzima za kufua.