Yule si wako, nami si wangu: venye mimi huskia hizi nyimbo

Ukiuliza watu wengi Sina Makosa, ule wimbo wa bendi ya Les Wanyika, inahusu nini watakwambia ni jamaa ameshikwa na bibi ya mtu, mwenye bibi amekuja na moto, jamaa anajitetea. Basi. Mimi nakataa, na nimeshakataa mbele ya watu wazima wenye heshima zao, kwa hivyo wacha nikatae na hapa pia.

Skiza tena pole pole. Anaanza na hasira za nini wee bwana, wataka kuniua bure, na hapo sawa, unaweza kudhani ni fumanizi la kawaida. Halafu anasema wewe una wako nyumbani, nami nina wangu nyumbani. Halafu anapiga ule mstari ambao kwangu ndio wimbo wenyewe: yule si wako, nami si wangu, chuki ya nini. Sasa niambie, kama yule angekuwa bibi ya huyo bwana mwenye hasira, mtu angetoa wapi ujasiri wa kumwambia usoni yule si wako? Si angekatwa hapo hapo hata kabla gitaa iingie. Hawa ni wanaume wawili, wote wameoa, wote wako na mtu anawangoja na chakula kimefunikwa, na wanapigania mwanamke wa tatu ambaye si wa mmoja wala wa mwingine. Jamaa hasemi hamjui huyo dada, hakuna mahali amekana kitu. Anachosema ni kwamba kwa hesabu yake wewe pia huna haki ya kukasirika. Ni utetezi wa ajabu kabisa na ndio maana naupenda.

Na venye anaongea! Bwana, baba, bwana, baba, anambembeleza mwenzake kama mtu anayeona panga. Mzee wangu anasema hiyo ndiyo dalili jamaa ni msafi. Mimi nikamuuliza, "Baba, kama kweli hana makosa mbona anaogopa kuuawa?" Akaniangalia akasema, "Mtu mwenye hasira huwa hakuulizi kama una makosa." Nikanyamaza, ilikuwa imenipata. Lakini bado siwezi kumpa mzee ushindi, kwa sababu mtu msafi angesema tu simjui huyo mwanamke na wimbo uishe kwa ubeti mmoja.

Kitu hunisumbua zaidi ni wale hawajaongea. Kuna wanawake watatu ndani ya huo wimbo na hakuna hata mmoja ana jina. Wawili wako nyumbani, wametajwa tu kama vile unataja stakabadhi, wewe unayo na mimi ninayo, tumetoshana. Wa tatu ni yule. Yule! Watu wanataka kuuana juu yako na hata jina hukupewa. Nikiskia sasa ile besi ya Tom Malanga inaingia, ile inatembea taratibu kama haina haraka ya kufika, huwa najiuliza huyo dada alikuwa wapi wakati wanaume wanazozana. Mimi naona alikuwa ashapanda gari akaenda kwao.

Kama hujui historia, Les Wanyika ilitokea 1978 wakati wanamuziki kadhaa walijitoa Simba Wanyika, ile bendi ya ndugu wa Kinyonga waliotoka Tanga wakaja kutafuta maisha huku Kenya. Sina Makosa ni ya Omar Shabani, yule wanaita Profesa, na mpaka leo ukienda mahali pa nyama Jumapili jioni, iwe Umoja iwe Kenyatta Market, ikianza watu wanasimama hata kabla maneno yaje. Na wewe angalia vizuri nani anadensi na nani. Sisemi kitu. Nasema tu kuna watu pale kwa floo wana wao nyumbani.

Sasa ruka zaidi ya miaka arobaini uje kwa ngoma ya Bensoul na Sauti Sol inaitwa Nairobi, ile ya yule anakupea, pia ananipea. Watu walipiga kelele sana ati vijana wameharibika, ati sikuhizi nyimbo hazina maadili, zamani watu waliimba mambo ya maana. Wazee wangu, hiyo ni Sina Makosa! Ni kesi ile ile, mji ule ule, tofauti ni kwamba enzi zile mtu alikuwa anaweza kukuua na saa hizi mnacheka tu mnasema ogopa Nairobi. Kwa hiyo ya kina Bensoul hakuna anayeomba msamaha na hakuna anayeogopa, hasira imeisha kabisa, na kusema ukweli mimi hiyo ndiyo hunitisha kuliko panga. Nishawahi kuiskia kwa matatu asubuhi, spika zinatetemesha viti, mama mmoja amebeba mtoto anaimba neno kwa neno huku anatafuta chenji, na dereva anaitikia. Hakuna mtu alishtuka. Yule wa Les Wanyika angalau alikuwa anajua kuna kitu cha kuogopa.

Haya, Malaika.

Kuna siku nilikuwa harusi, bustani iko upande wa Karen hapa Nairobi, mahema meupe, viti vimevalishwa kama bibi harusi wenyewe. Keki inaletwa na didjei anaweka Malaika, watu wote wanasema awww. Na mimi niko meza moja na mjomba wa bibi harusi ambaye ameniambia bila hata kuulizwa kwamba upande wa bwana harusi haujamaliza mahari, kuna blanketi bado, kuna tangi la maji la mama bado, na mbuzi hataki hata kuzungumzia. Anaongea hayo na spika juu ya kichwa chake zinaimba nashindwa na mali sina we, ningekuoa malaika. Nikamwambia, "Uncle, unaskia wimbo unasema nini?" Akaskiza kidogo, akacheka mpaka akakohoa, akasema huyo kijana wa wimbo angekuja kwao wangemwelewa. Muongo. Ni yeye alikuwa anahesabu blanketi dakika mbili zimepita.

Kwa sababu ukiskiza, hakuna harusi kwa Malaika. Ni wimbo wa mtu ambaye hakuoa. Ningekuoa, si nitakuoa. Unachezea maharusi wimbo wa jamaa aliyeshindwa na bei, ni kama kuimba wimbo wa mazishi kwa bathidei kwa sababu tuni ni tamu. Na tuni kweli ni tamu, hiyo siwezi kataa, ndiyo maana Fadhili William aliirekodi huku kwetu miaka ya sitini ikaenda dunia nzima, Miriam Makeba akaiimba na Harry Belafonte kwa albamu yao ya 1965, mpaka Boney M wakaichukua. Nani haswa aliitunga ni vita nyingine, kuna wanaosema Fadhili, wengine Adam Salim wa Tanzania, wengine Grant Charo, na mimi sitaingilia hapo. Lakini nikifikiria vile watu wamegombania mali ya wimbo wa mtu ambaye hana mali, huwa nacheka peke yangu.

Lakini kuna kitu kingine nimekuwa nikikifikiria juu ya huo wimbo na sijaskia mtu akikisema. Ni pale anasema nami nifanyeje, kijana mwenzio. Kwa nini amkumbushe huyo msichana kwamba wao wote ni vijana? Si msichana anajua, si wamekua wote, labda wamechota maji pamoja. Mtu hakumbushi hivyo bure. Mimi naskia hapo kuna mtu mwingine ambaye si kijana. Kuna mzee mahali, ako na ng'ombe, ashakuja kwa kina msichana na watu wake wamekaa wamekunywa chai, na baba ya msichana hajakataa. Huyo mzee hatajwi popote, hana ubeti, lakini ukimweka ndani wimbo wote unakaa sawa: pesa zasumbua roho yangu si ati jamaa anapenda pesa, ni kwamba pesa ya mtu mwingine iko karibu kumbeba mpenzi wake. Na ukifika ubeti wa kidege ni kama ashabebwa, msichana haongeleshwi tena, kijana amebaki na ndege. Ndege huruka. Hiyo sehemu sikuizi siwezi kuimba kwa sauti.

Rafiki yangu mmoja aliniambia nimeleta sinema, ati labda jamaa alikuwa tu hajapata kazi na hakuna mzee yeyote. Inawezekana. Lakini yeye pia alilipa mahari kwa awamu na bado analipa, kwa hivyo ushahidi wake nauchukua na chumvi.

Jambo Bwana sitakaa nayo sana, kila mtu ashaichoka, mimi pia. Lakini iskize mara moja tu ukijifanya ni wewe unaimba, si mtalii. Them Mushrooms, bendi yenye huo wimbo, walikuwa wanapiga kwa mahoteli ya Pwani, na huo wimbo ni mtu ameulizwa habari gani akajibu nzuri sana. Basi. Hajaulizwa amelala wapi, mshahara umekuja ama haujakuja, na hata angeulizwa jibu ni lile lile, nzuri sana, wageni mwakaribishwa. Ulitoka 1982, mwaka ambao tarehe moja Agosti wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali, Nairobi watu wamelala chini ya vitanda wanaskia risasi. Kenya yetu hakuna matata. Mimi siamini waliimba kwa kejeli, walikuwa tu wanafanya kazi, lakini shangazi yangu alihudumu kwa meza za hoteli Mombasa miaka mingi na ukimuuliza habari mpaka leo anajibu nzuri sana kabla hujamaliza swali, halafu baada ya chai ndio unaanza kuambiwa mguu, na kodi, na mtoto.

Ya mwisho ni Kasongo, na hii imeniletea shida nyumbani.

Bendi yenye huo wimbo, Super Mazembe, walikuja Nairobi kutoka Zaire ile ya zamani katikati ya miaka ya sabini, na Kasongo ikawa ya kwetu hata kama wengi wetu Kilingala tunakiimba kwa kubahatisha, kila mtu na maneno yake. Mwishoni mwa 2024 watu wakambandika Rais Ruto wa Kenya hilo jina, ikawa TikTok ni Kasongo, kwa mkutano ni Kasongo, watoto wa shule wanaimba Kasongo yeye. Na wengi waliokuwa wanaimba hawakujua huyo anayeimba ndani ya wimbo ni mke. Anamwita mume wake arudi nyumbani. Kwa hivyo ukikaa ufikirie, nchi nzima ilikuwa inamwita rais kwa sauti ya mke aliyeachwa na watoto, na yeye mwenyewe akawa analitaja jina hadharani akicheka. Mimi nilikuwa nataka kuandika kurasa kumi juu ya hiyo peke yake lakini nimejizuia.

Kilichonivutia ni kwamba hapa mambo yamegeuka. Kwa Sina Makosa wanaume wanaongea na wanawake wamenyamaza. Kwa Kasongo mke ndio ako na wimbo wote, hata kama walioimba ni wanaume, na Kasongo ndio hana jibu. Si ati amekataa, hajasema kitu. Ako wapi? Ana mwingine? Aliishiwa na nauli? Unajua kuna wanaume wa huku walitoka ushago wakasema wanaenda kutafuta, na nauli ya kurudi ikakosekana mwaka wa kwanza, halafu aibu ikachukua iliyobaki.

Nikamuuliza Mama anaonaje. Alikuwa anachambua sukuma, hakuinua kichwa. Akasema Kasongo alirudi. Nikamwambia, "Mama, hakuna mahali imesemwa." Akasema, "Skiza magitaa ya mwisho. Kuna mtu anapiga gitaa hivyo kama mume hajarudi?" Nikaweka tena kwa simu tukaskiza mpaka mwisho, na mimi bado naona huyo mama alingoja mpaka akachoka, akavaa akaenda kudensi. Mama ameniambia niache kumharibia mwanamke wa watu jina.