Siku moja maishani mwangu: mchoma ndafu wa majumbani, Dar

Saa 10 alfajiri nishaamka, niko juu ya bodaboda naelekea machinjioni Vingunguti. Naanzia huku makusudi maana watu wengi wakiniona jioni nimesimama pembeni ya jiko na koleo mkononi wanadhani kazi imeanza pale. Kazi inaanza kwenye kuchagua mbuzi. Kwa wasiojua, ndafu ni mbuzi mzima anayechomwa bila kukatwa, ni kitu cha Wachaga wa Kilimanjaro, kwenye sherehe anaingizwa ukumbini amepambwa, wengine wanamuita keki ya Kichaga, ila sa hivi Dar hata familia zisizo za Kichaga wanamtaka. Leo ni kipaimara, nyumbani kwa watu Kimara, uani kabisa, sio ukumbini.

Mbuzi wa ndafu mi nachukua kijana, aliyehasiwa, akishachunwa abaki na kilo 12 mpaka 14. Beberu aliyekomaa ananuka na hakuna ndimu ya kuiondoa ile harufu. Akizidi sana uzito ndo shida nyingine, nje anaungua na pajani bado kuna damu. Na nahakikisha muhuri wa mkaguzi upo kwenye nyama, bila muhuri siondoki nayo hata nipewe bei gani.

Saa 1 asubuhi nipo Kimara na dogo anayenisaidia, tumekuja na kirikuu imebeba jiko, wavu na magunia ya mkaa. Kitu cha kwanza ni chumvi. Naipaka mapema ndani na nje, kwenye mapaja nachoma matundu na kisu chembamba naisukumia humo pamoja na kitunguu saumu na tangawizi. Ukiiweka chumvi mwanzo utaona inavuta maji, nyama inalowa juu, watu wanaogopa wanadhani inakauka. Tulia, baada ya masaa mawili matatu yale maji yanarudi ndani yakiwa na chumvi yake. Ukisubiri kuiweka mwishoni unakula nyama ya juu yenye chumvi na ya ndani haina ladha yoyote.

Huku mbuzi amepumzika nakata mishkaki ya ng'ombe. Hapa ndo watu wa nyumbani wanapokosea kisha wanailaumu bucha. Angalia nyuzi za nyama zinaelekea wapi halafu kata kukatisha, usikate kuzifuata. Papai bichi linalainisha kweli ila kidogo tu na sio kulaza usiku kucha, asubuhi utakuta nyama imekuwa uji. Vijiti vya mianzi viloweke kwenye maji kwanza visije vikaungua vikakatika juu ya moto.

Saa 3 nawasha moto. Mkaa wangu ni wa miti migumu, ukigonga vipande viwili vinalia kama chuma, mkaa laini unaisha haraka na unarusha cheche. Nawasha kwa kuni kavu nyembamba na karatasi, basi. Kisha nasubiri. Mkaa ukiwa bado mweusi una moshi mbaya, mpaka ushike majivu meupe pande zote ndo namleta mbuzi. Na sitandazi mkaa sawasawa jiko zima, mwingi unakaa chini ya mapaja na mabega, katikati chini ya mbavu naacha kidogo sana maana mbavu ni nyembamba. Hata wewe nyumbani na jiko lako dogo fanya hivo hivo, upande mmoja moto upande mwingine hakuna, nyama ikianza kushika miali unaisogeza upande wa baridi, haina haja ya kukimbizana nayo na maji.

Saa 4 mbuzi yuko juu. Kuanzia hapo ni kugeuza, kupaka mafuta yaliyochanganywa na ndimu, kuongeza mkaa ambao tayari umeshika pembeni, kugeuza tena.

Saa 6 akaja anko.

Kila shughuli ina anko wake jamani. Huyu alikuwa shemeji wa mwenye nyumba, kashika bia, kasimama upande wa upepo, anaangalia.

"Fundi, moto wako hauna nguvu."

"Uko vizuri mzee wangu, ndafu anaiva taratibu."

"Wageni wanatoka kanisani saa 8, utawapa mbuzi mbichi?"

"Mzee, tumekubaliana na mama ndafu anatoka saa 10."

Akaondoka, akarudi. Akanyanyua mapande ya bati niliyofunikia upepo, joto lote likatoka, nikafunika, akanyanyua tena. Akaniambia kwao wanachoma mbuzi kwa saa moja, nikamwambia ndio mzee, ukimkata vipande saa moja inatosha kabisa, ila huyu ni mzima na ana mfupa pajani, joto linasafiri polepole mpaka lifike kwenye mfupa, ukiongeza moto unaongeza kuungua kwa nje tu, kule ndani hakuharakishwi na mtu. Nilimueleza kwa heshima zote maana ni mtu mzima na ni nyumbani kwao. Akacheka, akasema nyie vijana mnapenda kupoteza muda mlipwe zaidi. Hiyo iliniuma kwa kweli, bei yangu ni ya shughuli nzima, hata mbuzi akimaliza masaa 8 jikoni siongezewi hata shilingi.

Sasa nimeinama kupanga mishkaki nasikia harufu. Mafuta ya taa! Anko kamimina kwenye mkaa upande wa mapaja, miali imepanda mpaka kwenye nyama. Nilimuita dogo kwa sauti ambayo siitumiagi kwenye nyumba za watu, tukamnyanyua mbuzi na fito yake tukamuweka juu ya meza, nikachukua beleshi nikatoa mkaa wote wa upande ule nikautupa mchangani. Mafuta ya taa hata yakiungua yanaacha harufu, na mafuta ya mbuzi yanaidaka, ukishaitia kwenye nyama imekwisha. Nikakwangua nyama pale palipopata masizi, nikapangusa na ndimu, nikawasha mkaa mpya, nikasubiri ushike majivu upya. Karibu saa nzima imepotea, jua la utosi, jasho linaingia machoni, na wageni wa kwanza ndo wanaingia getini. Mama mwenye shughuli alikuja, akaangalia meza, akamuangalia shemeji yake, hakusema kitu, akamshika mkono akampeleka ndani. Mama yule Mungu ambariki.

Baada ya hapo saa sijaiangalia vizuri tena. Wingu likaja, manyunyu yakaanza, vijana wawili wakaniambia tuingize jiko gereji tufunge mlango. Nikakataa kabisa kabisa. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, inaua watu wakiwa wamekaa wanapiga stori, na gereji ile ina mlango wa kuingilia sebuleni. Tukafunga turubai juu sana kwenye miti, pande zote wazi, mimi na dogo tukalowa mgongo, mbuzi akabaki mkavu.

Jioni nikachoma kipimajoto kile cha sindano kwenye paja, mbali na mfupa, kikasoma nyuzijoto 82 za Selsiasi, na mfupa wa mguu nikiuzungusha unalegea wenyewe. Hapo ndo ameiva. Emsii anaita ndafu, muziki umewaka, mi nikawazuia dakika 20 nyingine ili maji ya nyama yatulie, ukikata mbuzi wa moto yote yanamwagika kwenye sinia. Tukampamba na saladi mdomoni na karoti, akatoka. Wamecheza naye ua mzima, wamepiga picha, kisu kilivyoingia mbavuni mama akanitafuta kwa macho akaninyooshea dole gumba. Mi nilikuwa bombani nanawa, mikono inatetemeka kwa uchovu, nimefurahi sana.

Usiku ni usafi. Wavu unasuguliwa ungali wa moto, ukipoa mafuta yanaganda utalia. Majivu hayatupwi kwenye ndoo ya plastiki, yanamwagiwa maji, yanakorogwa, yanamwagiwa tena. Nikalipwa salio langu, tukapakia kirikuu.

Kesho kuna komunyo Mbezi, kuku tu, kwahiyo hakuna Vingunguti. Kuku anaanzia upande wa moto mdogo, ngozi inamalizwa mwishoni kwenye mkaa mkali, na kipimo kikifika nyuzijoto 74 kwenye paja unamtoa. Dogo anaijua hiyo, nimemwambia kesho moto anauwasha yeye.