Siku yangu maabara: kijiko kimoja cha sukari

Saa 11 alfajiri. Nikimaliza kuswali namkuta mama ukingoni mwa kitanda, kidole ameshakinyoosha. Ana kisukari, na leo mashine ya kupimia sukari ya damu imesoma 8.1, kwa hesabu yetu ya milimoli kwa lita. "Na sijatia kitu mdomoni tangu isha," akalalamika, kana kwamba amesingiziwa. Nikamweleza tena: wewe unalala, ini halilali. Usiku kucha linatoa sukari kidogo kidogo kutoka kwenye akiba yake ili ubongo usikose chakula, na alfajiri ikikaribia, homoni zinazouandaa mwili kuamka zinalihimiza lizidishe. Kwa mtu asiye na kisukari insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hulizuia ini lisipite kiasi. Kwa mama, ini limekuwa sugu, insulini inasema nalo halisikii. Nikaandika 8.1 daftarini, nikachukua mkoba.

Saa 12 niko kwenye feri ya Likoni, hapa Mombasa, nimebanwa kati ya mwenye baiskeli na mama wa samaki. Nikiwa humo huwa nawaza jambo moja. Kila mtu mzima hapa ana kama lita 5 za damu, na sukari iliyomo ndani ya damu yote hiyo, mwili ukiwa sawa, ni gramu 5 hivi. Kijiko kimoja cha chai! Mtu akila mahamri kwa mbaazi, akifunga Ramadhani, akipandisha magunia soko la Marikiti, kijiko kile hakitakiwi kwisha wala kuwa viwili. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado nalistaajabia.

Saa 1 unusu benchi limeshajaa. Wa kwanza alikuwa mzee wa Majengo, kanzu imepigwa pasi vizuri. "Nimefunga, mwanangu, kama mlivyoniambia." Nikamwamkia, nikamuuliza kama hata chai hakunywa. "Chai tu. Ya maziwa, lakini sikutia sukari."

Maziwa yana sukari yake ya asili. Kipimo cha asubuhi kinataka angalau saa 8 bila kitu ila maji, kwa sababu tunachokitafuta ni jinsi ini na insulini vinavyoelewana pasipo chakula kuingilia. Kuanzia 7.0 ni kisukari, 6.1 hadi 6.9 ni onyo. Nikamtaka radhi, nikamwomba arudi kesho. Alikasirika, na ana haki, maana ametoa nauli ya tuktuk. Kumrudisha mtu wa umri ule kunaniuma, lakini kumbandika mtu ugonjwa wa maisha kwa kikombe cha chai kungeniuma zaidi. Hata kwa aliyefunga sawasawa, kama hana dalili yoyote, hatumwiti mgonjwa kwa jibu moja. Tunarudia siku nyingine.

Saa 2 aliingia dada mwenye mimba ya wiki 26. Nilimtoa damu ya kwanza, nikampa glasi ya maji yenye gramu 75 za glukosi, aimalize ndani ya dakika 5. Akakunja uso: "Hii ni shira ya kaimati!" Kisha akaomba akimbie Marikiti mara moja, atarudi. Nikamkatalia. Misuli ikitembea inavuta sukari kutoka kwenye damu hata bila insulini nyingi, na jibu lingedanganya.

Wakati yeye amekaa akichezea ncha ya mtandio, ndani mwake kazi ilikuwa imepamba moto. Sukari inapenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Kongosho lina vikundi vidogo vya seli, kama visiwa, ambavyo Paul Langerhans aliviona kwa darubini mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari. Humo, seli za beta zinaonja sukari na kumwaga insulini. Insulini ikifika kwenye seli ya msuli, vimilango vya sukari vilivyofichwa ndani vinapanda juu na sukari inaingia. Ini nalo linaacha kutoa, linaanza kuweka akiba. Sukari ikishuka mno, seli za jirani, za alfa, zinatoa glukagoni, na ini linafungua ghala tena. Mjamzito ana jambo la ziada: kondo la nyuma linatoa homoni zinazoidhoofisha insulini, ili mtoto apate sukari ya kutosha. Kongosho la mama linapaswa kuongeza bidii. Likishindwa, hicho ndicho kisukari cha mimba.

Majibu yake: 4.8 kabla ya kunywa, 9.1 baada ya saa moja, 8.7 baada ya saa mbili. Mipaka kwa mjamzito ni 5.1, 10.0 na 8.5, na kuvuka mmoja tu kunatosha. (Kwa asiye na mimba, ya saa mbili ingekuwa 11.1.) Daktari alipomaliza kuzungumza naye, alirudi dirishani kwangu. "Nimekosea wapi?" Hukukosea, dadangu. Ni kondo na kongosho, na kimeonekana mapema.

Saa 5 dereva wa tuktuk alipimwa kidoleni mapokezini, 14.6, akaletwa kwangu ametota jasho. Nikamtazama mikono: embe. Alikuwa amekula ngowe njiani na utomvu wake mtamu bado uko vidoleni. Akanawa kwa sabuni, akajikausha, tukatoboa kidole kingine. 5.6.

Saa 8 lilikuja ombi la kipimo cha sukari ya miezi mitatu kwa msichana mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Kipimo hiki kinahesabu sukari iliyonata kwenye hemoglobini iliyomo ndani ya chembe hizo, na asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari. Lakini chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na za mwenye selimundu hufa mapema mno, kabla hazijakusanya sukari ya kutosha. Jibu linatoka zuri, na si la kweli. Hapa Pwani malaria imekaa kwa karne, na aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, kwa hiyo selimundu si ugonjwa wa kusikia redioni. Nikampigia daktari, tukabadilisha, apimwe akiwa amefunga.

Saa 9 unusu. Mama mmoja kambeba mwanawe wa miaka 6 kifuani, kichwa kimelegea. Wiki mbili anakunywa maji kama aliyetoka jangwani, anakojoa kitandani ilhali aliacha tangu ana miaka 3, na nguo hazimkai. Mahali walipokwenda kwanza walimpa dawa ya minyoo. Anapumua kwa nguvu na kwa kina, na pumzi inanukia kama tunda lililoiva kupita kiasi.

29.3. Mkojo umejaa ketoni, mabaki ya mafuta yanayochomwa mwilini.

Huyu haambiwi afunge wala arudi kesho. Dalili kama hizi pamoja na 11.1 au zaidi, saa yoyote, jibu limepatikana. Kinga ya mwili wake imeziua seli za beta. Insulini hakuna, kwa hiyo seli zina njaa katikati ya mafuriko ya sukari, zinachoma mafuta, na damu inageuka kuwa na asidi. Sukari ikipita kama 10 figo haziwezi tena kuizuia, inatoka na mkojo na kuburuta maji pamoja nayo. Ndiyo ile kiu. Sikutuma karatasi, tulikimbia naye. Hadi Januari 1922, kijana Leonard Thompson, mgonjwa wa kwanza, alipodungwa insulini huko Toronto, mtoto wa namna hii alikuwa hana dawa ya kumwokoa. Leo chupa iko kwenye friji ya wodi, hatua 40 kutoka mlangoni kwangu.

Nilipokuwa nafunga maabara niliona kandambili moja ndogo ya buluu chini ya benchi.

Saa 12 jioni, feri iko katikati ya maji, simu ikalia. Muuguzi wa wodi. Sukari inashuka polepole kama inavyotakiwa, 17 sasa, amefumbua macho na anaulizia kandambili yake. Iko mkobani mwangu, nikamwambia. Nitaipitisha wodini kesho saa 1, kabla mzee wa Majengo hajafika.