Sayari Zuku: ukitaka viumbe wa kweli, anza na gesi

Anayebuni sayari asianze na viumbe. Aanze na kinachoua, kisha aulize nani angebaki hai. Hapa Goma kinachoua tunakijua: mazuku. Ni kaboni dayoksaidi inayopanda kupitia nyufa za mawe ya volkano. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo inatuama mashimoni kama maji, bila rangi. Mbuzi huanguka kabla ya mchungaji, maana pua yake iko chini.

Zuku, sayari ninayoibuni, ni mazuku yaliyotanda sayari nzima. Siku yake ni saa 60, usiku wake saa 30, na hapo ndipo kila kitu kinapotoka. Kwetu jua na upepo hutawanya gesi asubuhi. Zuku, usiku mrefu usio na upepo hujaza mabonde hadi mita 4. Adhuhuri imebaki kufika magotini tu.

Mawe ni kama ya Nyiragongo, volkano yetu. Lava yenye silika kidogo (silika ni madini yanayoifanya iwe nzito kutiririka) hutiririka kama uji mwepesi. Januari 2002 ilikata mji wetu ikaingia ziwani. Hapa wabunifu wengi hukosea: kila penye volkano wanawapa viumbe visu vya obsidiani, kioo cha volkano. Obsidiani hutokana hasa na lava yenye silika nyingi, ile inayokwenda kwa shida. Zuku haina. Ina jiwe jeusi lenye matundu, zuri mno kwa kusagia, bovu kwa kukata.

Majani nayo yafikiriwe. Gesi ikijaa udongoni mizizi hukosa oksijeni na mti hufa, kwa hiyo majani ya Zuku yana mizizi ya kuchomoza juu, kama mikoko.

Anayeyala ni mnyama ninayemwita wima: miguu ya mita 2, pua utosini. Huinamisha shingo dakika 3 akiwa amebana pumzi, kisha huinuka kupumua. Tabu ni ndama, ambaye ni mfupi. Basi wima huzaa mgongoni mwa mlima tu, na mama hupanda na majani mdomoni mpaka miguu ya mtoto irefuke. Napenda sana njia zao: zimechimbika katika lava, zote zinaelekea juu.

Wenye akili ni Wakwezi, kimo mita 1.2. Visu vyao ni vya mifupa. Hawalali mapangoni, maana mapango ya lava ndiyo hujaa kwanza. Moto wanao vileleni, na wakishuka adhuhuri hutanguliza mwenge kwenye ncha ya mti wa mita 3, ukikaribia kugusa ardhi. Mwenge ulioshikwa usawa wa kifua hausaidii: gesi ikifika asilimia 10 mtu huzimia kwa dakika chache, na mwali unaweza kuwa bado unawaka. Kwao mwali ukififia tu, watu hurudi, hawangoji uzime.

Kosa linaloua wengi ni kumwinamia aliyeanguka. Wa pili humwangukia wa kwanza, wa tatu wa pili. Kwa hiyo kila anayeshuka hufungwa kamba ya ngozi, na mwenzake hubaki juu ameishika. Hufungwa kifuani chini ya makwapa, si kiunoni, ili akivutwa kichwa kitoke kwenye gesi kwanza.